Ngolo za Mirihi na Kitanda cha Blasius

Kaka yangu mpendwa Osmund,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, kaka. Salamu hii naiandika kofia ikiwa mkononi, kama ambavyo ningeketi mbele yako hapo Litumbandyosi. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Kahawa imechanua vema, au jua limeiwahi? Sisi huku ughaibuni kwa binti yangu Agatha tu wazima kwa neema ya Mungu. Macho yangu yaliyopasuliwa yamefunguka, nami nasoma masomo ya Misa bila miwani, ingawa sina wa kumsomea. Lugha ya watu wa hapa sijaijua, na katekista asiyejua lugha ni kengele isiyo na ulimi. Agatha huondoka alfajiri kwenda kuuguza wazee wa watu wengine, nami hubaki nikiitazama baridi dirishani.

Barua hii naituma kwa mkono wa Sista anayerudi Mbinga, kwa kuwa jambo lililomo si la simu. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Jambo lenyewe linamhusu mwanao Blasius. Anataka kuutoa mwili wake kwa watafiti wa mji huu, wamlaze majuma mengi kwenye kitanda kilichoinamishwa, kichwa chini kuliko miguu, huku wakipima jinsi anavyodhoofika. Anasema yeye ni mtu mzima na sahihi yake inatosha. Nimemjibu kwamba inatosha kwao. Kwetu haitoshi mpaka sengu ikae, wanaume wa ukoo wale sahani moja na kila mmoja aseme lililo moyoni. Amekubali kusubiri. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujawaita.

Ilianza Jumapili moja baada ya Misa. Blasius alikuja kutoka chuoni kwake na kompyuta yake kwapani, akaketi karibu nami.

"Baba mdogo, leo nataka nikuonyeshe mbingu."

"Mbingu naitafuta kwa njia nyingine," nikamwambia, "lakini onyesha."

Akanieleza kwamba hao wanaorusha vyombo angani wameziweka picha zao katika hifadhi moja kubwa mtandaoni, na mlango wake haufungwi. Mtu yeyote huingia, akachukua picha aitakayo, akaichapisha, akaitundika ukutani. Halipi. Haulizwi jina lake wala dini yake. Kaka, hapo ndipo shaka ilipoanza kuniingia. Mwenye shamba asiyeweka uzio ama ni mtakatifu ama ametega. Nikamuuliza Blasius, "Na nani anayelipia hiki kisicholipiwa?" Akasema ni kodi za wananchi wa huko. Sikuridhika.

Akafungua picha moja baada ya nyingine, hadi ikaja moja ya ardhi iliyotazamwa kutoka juu. Nikamshika mkono asiipitishe. Ilikuwa imejaa mashimo yaliyopangana, kila shimo na matuta yake pande zote, mlima mzima kama sega la nyuki.

"Hizi ni ngolo," nikasema.

"Baba mdogo, hii ni sayari ya Mirihi."

"Mirihi kuna nani wa kukata majani na kuyapanga miraba? Nani wa kuchimba udongo na kuyafunika? Nimekulia kwenye mashamba ya ngolo, mama yangu alinibeba mgongoni akizichimba. Hizi ni za kwetu. Wamepita juu ya Mbinga na chombo chao, wamezipiga picha, sasa wanawaambia watu ni nyota!"

Agatha alikuwa jikoni akisonga ugali. Akapaza sauti, "Baba, huenda Wamatengo walifika huko kabla ya Wazungu!" Wakacheka wote wawili hadi Blasius akafuta machozi. Mimi sikucheka. Nilijiambia: kama hii ni ya uongo, basi hifadhi yote ni ya uongo.

Ndipo ikaja picha ya mtu mmoja kitandani, amelala kichwa chini, nyaya zimebandikwa kifuani.

"Huyu amefariki?"

"Hapana, Baba mdogo. Anapimwa. Angani mwili hauna uzito, damu hupanda kichwani, miguu hukonda, mifupa hupungua. Mtu akilazwa hivi hapa duniani, mwili wake hufanya karibu yaleyale, nao madaktari hujifunza." Akaifunga kompyuta taratibu. "Na mimi nimeomba nafasi."

Kaka, mtoto aliyelishwa kwa jembe kwenye miteremko ya Umatengo alazwe kwa hiari hadi miguu yake iwe ya mtu mwingine! Kwetu mgonjwa huinuliwa kichwa. Nimesali kando ya vitanda vingi, wala sijamwona aliyelazwa namna ile akiwa mzima.

Juma lile niliomba ile picha ya ngolo mara kwa mara, nikaitazama kwa macho yangu mapya. Mwishowe niliona lililonipita siku ya kwanza. Hapakuwa na kinjia hata kimoja. Wanawake gani hao wangechimba ngolo zote zile wasiache njia ya kurudi nyumbani kupika? Hapakuwa na kijito bondeni, wala mgomba, wala moshi. Nikamwambia Blasius kwamba hapo nilikosea, pale si Mbinga. Hakunicheka tena. Lakini nikamwambia pia: picha kuwa ya kweli hakumfanyi mpiga picha kuwa mwema.

Basi nikataka kumwona daktari mwenyewe wa utafiti ule. Ni mama mwenye mvi, mpole wa sura, na upole wa sura haunitoshi. Mwanzoni Blasius ndiye aliyetafsiri. Daktari alisema maneno mengi kama litania, naye Blasius akaniambia, "Anasema hakuna tatizo." Nikamwambia anyamaze, nikamwita Agatha, ambaye nilikuwa nimemleta kwa ajili hiyohiyo.

Nikauliza: atainuka alivyolala? Agatha akasikiliza kwa makini, kisha akasema, "Baba, anasema wengi hurudi katika hali yao baada ya mazoezi, na watafuatiliwa, lakini hawezi kuapa kwa kila mmoja. Anasema haya yanawasaidia pia wazee waliolala kitandani muda mrefu, kama wale ninaowauguza mimi."

Nikauliza tena: na picha zake, zitaingia kwenye ile hifadhi isiyo na mlango? Daktari akasema baadhi zinaweza kuingia, mwenyewe akiridhia. Je, zikishatoka, mnaweza kuzirudisha? Yule mama akanitazama, akasema neno fupi ambalo hata mimi nililielewa. Hapana. Kisha akaongeza kwamba Blasius anaweza kushiriki na kukataa picha zake zisionyeshwe, na hataondolewa kwa sababu hiyo.

Nikamgeukia mwanao. "Umesikia. Basi kama ni lazima ulale, kataa picha."

Akainamisha uso kama mtoto wa katekisimu aliyesahau jibu.

Tulipokuwa kituoni tukingoja basi, ndipo aliposema. "Baba mdogo, kitanda naweza kukiacha hata leo. Picha ndiyo niliyoitaka."

"Majivuno hayo ya nini, Blasius?"

"Si majivuno. Mama alikufa nikiwa mdogo, na hakuna picha yake hata moja. Watu wakiniuliza alifananaje, nasema alikuwa mzuri, kwa sababu ndivyo kila mtu husema. Mimi nilitaka uso wangu ubaki mahali pasipo na mchwa wala moto. Atakayeutaka auone, bure." Kisha akauliza, "Wewe ulimjua. Alikuwaje?"

Nikamwambia marehemu alikuwa mrefu, na sauti yake katika kwaya ilisikika hadi nje ya kanisa. Nikamweleza ukarimu wake.

"Uso, Baba mdogo."

Kaka, nilitafuta. Nilimwona shemeji yangu siku nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na pale kituoni sikuwa na uso wa kumpa mtoto wake. Agatha alinishika mkono, basi likaja, tukapanda.

Shaka yangu haijaondoka. Siwaamini watu wale kwa yote, ingawa yule mama hakunidanganya pale ambapo uongo ungemfaa. Nikiulizwa, nasema kitanda kikataliwe. Na kama sengu itakiruhusu, basi nyaya na vipimo viishie humo chumbani, picha zisitoke. Lakini wewe ndiye baba na mkubwa wangu. Nitalipeleka kwake neno mtakalonipa, bila kulipunguza wala kuliongeza.

Wasalimie wanao wote na wajukuu. Msalimie Baba Paroko, umwambie nasali Masifu kila siku ingawa peke yangu. Msalimie mkwe wetu wa Mbamba Bay. Dagaa wa usipa aliotufungia wamekwisha, na Agatha bado anaunusa mfuko mtupu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu mwambie asinifute, nitarudi.

Felista, dada wa marehemu mkeo, sijamsalimu hapo juu kwa makusudi, kwa sababu kwake nina ombi. Najua sengu ni ya wanaume. Hata hivyo, mkishanawa mikono, mwiteni aketi kati yenu, aueleze uso wa dada yake: paji, macho, meno, jinsi alivyokunja uso juani. Nawe, kaka, sema ulichokiona alipokugeukia asubuhi, hata kama ni aibu kukisema mbele ya watu. Mmoja wa wajukuu aandike yote, wala asirembeshe. Hayo yatangulie kuja, kabla ya jibu la kitanda. Kwa kitanda Blasius ameahidi kusubiri. Kwa hili amekwisha kusubiri mno.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ndimi mdogo wako katika Kristo,
Kosmas