Uji Nilioumwaga

Mjukuu wangu Magdalena, marahaba. Huku Gehandu tupo, ila mahindi yamenyaukia shambani na mjomba wako bado anakohoa.

Yeye ndiye aliyenisomea ujumbe wako, nikalia. Eti huko ulikoenda kujitolea ugali wako unatoka madonge, wenzako wanacheka, basi unaumwaga na kulala njaa. Unauliza ufanyeje.

Mama yangu alilazwa hospitali ya Haydom nikiwa na umri kama wako. Siku tatu hakula. Asubuhi moja akasema, "Binti, nina hamu ya uji." Nikakimbilia banda la kupikia. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu, uji ukaungua. Mwanamke mmoja pale akaniambia, "Mpelekee hivyohivyo! Kwani mgonjwa atakagua sufuria?" Mimi nikaona aibu. Nikaumwaga, nikabandika mwingine. Huo ulitoka mzuri kweli. Nilipofika nao kitandani, walikuwa wameshamfunika shuka usoni.

Mpaka leo nikikoroga uji mkono unakuwa mzito, na sioni kama utaacha.

Usimwage, mama. Kula na madonge yake. Halafu niandikie neno moja tu, kwamba umekula.

Bibi yako.