Mbuzi ya Mama Mkwe na Drili ya Bei Chee

Mpendwa Shangazi Katarina,

Shikamoo, kama umri unaniruhusu kukuamkia, maana mimi mwenyewe kidevu kimeshaanza kuwa cheupe na bado nafanya mambo ya kitoto, ndiyo maana naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, siku ambayo mama mkwe wangu amesema anarudi kwake Miono, na anaondoka kwa sababu yangu.

Nilinunua drili ya umeme, Shangazi, ile ya bei chee yenye boksi la picha ya mzungu anayecheka, nikasema mimi si fundi, nina banda la kuku la kuunga na rafu za kutundika hapa nyumbani Bagamoyo, drili ya mafundi ya nini, na kweli banda likasimama, limeinama kidogo upande wa kibla lakini limesimama, nikaanza kujiona mtu. Shemeji yangu Kibwana, ambaye ni seremala, aliishika akaipima mkononi akaniuliza, "Shemeji, hii umeinunua au ilikuwa zawadi ndani ya pakiti ya biskuti?" Nikamwambia subiri utaona.

Basi ikaja harusi ya binti yetu Najma, na mama mkwe, Bi Ashura, ambaye anaishi nasi tangu afiwe na mumewe, akakalia mbuzi yake tangu asubuhi anakuna nazi za wali, na mbuzi hiyo, wasomaji wako wa bara wasishtuke, haina kwato, ni kigoda cha mvule chenye ulimi wa chuma wenye meno, aliachiwa na mama yake mzazi, nami nikawa namwona anajishika bega kila mara, huruma ikanipanda, huruma pamoja na kiherehere. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikaukata ule ulimi, nikaufunga kwenye mdomo wa drili.

Shangazi, nazi ya kwanza ilitoka laini kama pamba, akina mama wakapiga vigelegele, "Baba Najma, wewe usizeeke!" nikavimba kichwa, nikaenda nazi juu ya nazi bila kuipumzisha, mpaka drili ikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikatoa moshi, ikatema grisi nyeusi kwenye sinia lenye nazi yote, yangu na ya mama, na ule ulimi ukapinda kama ndoana. Muda wa kukuna nyingine haukuwepo. Wali wa harusi ya mwanangu uliliwa mkavu, bila tui, na watu wa Pwani hawasahau jambo kama hilo.

Mama alirudi, akautazama ulimi, akasema tu, "Ahsante, baba." Tangu hapo nikimwamkia ananijibu "Marahaba" kavu kama ule wali, yeye aliyezoea kuniuliza hadi habari za mgongo wangu, na kanga zake ameshaanza kuzikunja. Mke wangu Maulida anasema drili niitupe chooni. Kibwana anasema cha rahisi siku zote ni takataka, ninunue drili ya maana nimkunie mama upya kwa heshima. Je, nilikosea kununua ya rahisi? Na ninunue ipi ili asiondoke?

Ndimi Hamidu, Bagamoyo

*

Baba Najma,

Marahaba. Nimekuhurumia, na nimecheka hadi chai ikanimwagikia. Unisamehe kwa hilo la pili.

Tuanze na drili, kwa kuwa ndiyo unayodhani ndiyo shida. Hukukosea kuinunua. Mtu anayetoboa mbao mara moja moja hana haja ya mashine ya karakana, na kuku wako, nadhani, hawajalalamika. Kibwana anasema vile kwa sababu yeye yake anashinda nayo kutwa. Ya bei chee ni ya kazi fupi, zisizotaka unadhifu: toboa, ishike tumbo, ikiwa ya moto iache ukanywe maji. Wewe ukaipa kazi ya shughuli! Ukinunua nyingine, mwenye duka aichomeke mbele yako. Bonyeza swichi, achia, uone kama inazima papo hapo, na uulize kama kaboni zake, vile vijipande vyeusi vya kupitisha umeme kwenye mota, zinapatikana, maana hizo ndizo zinazoisha mwanzo. Miwani ya kazi usitafute ya rahisi. Macho hayana spea. Lakini mashine ya kutobolea ukuta kuitia kwenye chakula cha watu, na kidevu hicho cheupe? Hapo sikutetei.

Sasa mama. Hakuna drili itakayomzuia, hata ya dhahabu. Alikuwa na bega linalouma na mbuzi ya mama yake. Wewe ukamwachia bega, ukamwondolea mbuzi. Ungesema tu, "Mama, nipishe nikukunie," yangeishia hapo.

Fanya hivi, na ufanye leo. Mpelekee Kibwana mbuzi hiyo, akutafutie mhunzi wa kuunyoosha ule ulimi na kuurudisha mahali pake. Wewe usiguse hata nyundo. Kibwana atakucheka, mwache acheke, ana haki yake. Ikirudi, usimkabidhi mama. Ikalie wewe, uani, mchana kweupe, na msuli wako kiunoni, majirani wakiona, ukune nazi ya chakula cha jioni. Najua wanaume wa huko wanavyoona aibu kukalia mbuzi. Ndiyo maana nakutuma. Mwambie, "Mama, nimekukosea," mara moja, kisha kuna.

Utakuna vibaya. Utachimba hadi kwenye kifuu, nazi itatoka na vipande vya kahawia, naye atakuwa mlangoni anatazama, mzigo umefungwa. Nazi ya kwanza atavumilia. Ya pili itamshinda: "Hebu wewe, usikandamize! Zungusha kifuu, mikono mepesi!" Usijibu, wala usiinue kichwa. Zungusha kifuu kama alivyosema, na umwambie Maulida taratibu akaufungue mzigo wa mama.