Matofali Mabichi ya Kilolo

Baba yako anabarikiwa kuwa mchungaji, mjukuu wangu! Mwanangu mimi, nani kama yeye? Haya, hujambo huko Mbeya? Sisi huku Kilolo wazima.

Umeuliza kwa nini tunaambiwa sisi ndio nyumba ya Mungu. Wakati wa Mwingereza, nikiwa na mimba ya baba yako, mvua ilitukuta matofali ya kanisa yakiwa bado mabichi. Tukavua kanga za mabegani kuyafunika. Upepo ukainua yangu, akaidaka Mama Neema, jirani niliyenuniana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba.

"Shika huko, mwenye tumbo!" akafoka.

Tukashika, tukitetemeka. Matofali yakayeyuka karibu yote, sisi hatukuachia. Ukuta haukuwepo, lakini kanisa nililiona.

Mama Neema atakaa nami mbele kanisani, baba yako akibarikiwa. Nyote nawasubiri Jumapili ya Mavuno.