Sahani Ambayo Sikuionja

Butembo, Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita

Mpendwa mama mdogo,

Nitakuambia yote. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nilijaza ukurasa kwa salamu ili nisifike kwenye jambo lenyewe. Leo salamu ni moja tu: tuko hai, mimi na mama yangu, dada yako, ambaye ameshuka kutoka Masereka kuja kukaa nami tangu uondoke. Yanayofuata ni kweli, na kweli hiyo inanihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Bahasha sikuifunga. Muhindo wa kiwanda cha mikate anayekuletea anaweza kuisoma. Dereva naye aisome, na mtu yeyote huko Kasindi anayejua kusoma. Nimekaa na neno hili tumboni miezi minane, na sitaki tena liwe siri.

Unakumbuka mwaka nilipokuja kwako kusoma? Ulikuwa umefika kutoka upande wa Beni na nguo moja, baada ya baba mdogo kukatwa mapanga shambani pamoja na majirani wake wawili. Hukunisimulia hata siku moja. Nilikuona tu unavyoruka kila mlango wa bati ulipogongwa. Ukaanza kupika usiku nje ya kiwanda cha mikate, chini ya paa la turubai, kwa sababu ulisema heri kukesha katikati ya watu kuliko kulala peke yako. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma yako, daftari kwenye magoti, nikisoma kwa taa ya kiwanda.

Saa nne walikula walinzi. Saa saba wakatoka wakandaji wa unga, weupe mpaka kwenye viwiko, wakala kimya kwa sababu ya usingizi. Saa kumi wakaja wapakiaji wa malori, hao wakala wamesimama na kupiga kelele. Na kila sahani uliionja mbele ya mwenye kuila. Katika mji wetu hakuna anayekula chakula cha usiku bila kuona kwanza mkono wa mpishi ukienda kinywani. Watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Ulimega bugali, ukachovya kwenye maharagi, ukatafuna, kisha ukafungua kinywa wazi kama mtoto mbele ya daktari.

Muhindo alikuchokoza kila usiku. "Mama Kavugho, unaonja ao unakula? Sahani imebaki nusu!"

"Nyamaza. Kama niko nanenepa, ni woga yenu njo inaninenepesha."

"Basi nikuoe. Huo mwili yote ni chakula yangu!"

Unakumbuka usiku wapakiaji wawili walipogombania kichwa cha samaki? Mmoja alimpiga mwenzake na sahani ya chuma mpaka mdomo ukapasuka, damu ikadondoka kwenye sombe ya majani ya muhogo. Uliingia katikati yao na mwiko wa moto. "Hapa ni kula," ulisema. "Kupigana muende porini, kule banapigana kila siku." Aliyepasuka mdomo ukamwosha kwa maji ya chumvi, ukampa kichwa cha samaki. Niliamini siku ile kwamba hakuna mtu anayeweza kukutisha.

Sasa nafika kwenye Ijumaa ile.

Mvua ilikuwa kubwa. Ulinipa sahani ya walinzi wawili wa depo iliyo ng'ambo ya barabara, mzee Kambale na kijana Kasereka, ukaifunika na sahani nyingine. "Onja mbele yao," ulisema. Nikajibu, "Ndiyo, mama." Sikukuambia kwamba nilikuwa nimefunga. Vijana wa kanisa tulikuwa na funga kutoka asubuhi mpaka saa sita ya usiku, bila hata maji. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umenikataza kufunga wakati wa mitihani. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Kwenye kibanda chao mzee Kambale alifungua sahani, akanisogezea. "Katoto, onja kwanza."

"Niko nafunga, mzee. Mpaka saa sita."

Kasereka akacheka sana. "Njo namna batatuua! Kwa jina la Yesu!"

"Acha mutoto," mzee akamwambia. "Mwenye anafunga hawezi kuua mutu. Lakini wewe, nikikufa, nitakuja kukuvuta miguu usiku."

Tulicheka wote watatu. Mzee alikuwa anatetemeka. Mbabula yao, jiko la makaa, ilikuwa nje chini ya ukingo wa paa, makaa mekundu kabisa. Akasema, "Utuingizie ile mbabula, baridi inatukula." Niliibeba kwa kitambaa, nikaiweka katikati ya miguu yao. Wakafunga mlango wa bati kwa ndani. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango, basi nikachukua gunia tupu, nikalisokota, nikaziba ule upenyo kwa nje. Nilirudi kwako nikikimbia kwenye mvua, nikijiona mtoto mwema.

Uliniuliza, "Umeonja?" Nikasema, "Nimeonja."

Asubuhi mwenye depo alivunja mlango. Mzee Kambale alikuwa amekufa, na Kasereka alikuwa anakoroma kama mtu anayezama. Sahani ilikuwa katikati yao imelambwa safi. Habari ilifika kwa wapakiaji kabla ya jua, na kutoka kwao ikafika kwa kila mtu. Mimi nilikuwa nakusaidia kuosha sufuria. Tulisikia filimbi kwanza, kisha miguu mingi.

Niliingia nyuma ya pipa la maji. Sikusukumwa na mtu, niliingia mwenyewe. Kutoka pale niliona yote.

Walikuvuta kwa kitambaa cha kichwa, na kilipofunguka wakakuvuta kwa nywele. Uliwaambia kwamba kiwanda chote kilikula kutoka sufuria ile ile na hakuna aliyeumwa tumbo. Mtu mmoja akajibu, "Sumu inatiwaka kwa sahani, haitiwake kwa sufuria!" Wengine wakapiga makofi. Walikuwa wamembeba Kasereka kwenye mlango ule wa bati kumpeleka hospitali. Wakamsimamisha pale mbele yako, wakamtikisa taya.

"Mwenye alileta chakula, alionja?"

Akafungua jicho moja. "Hapana," alisema. Hakusema neno jingine, wakampeleka.

Hapo ulinitafuta kwa macho, ukaniona kati ya pipa na ukuta. Ulinitazama kwa muda wa pumzi moja, si zaidi. Nilikuwa na mikono miwili juu ya mdomo wangu.

"Nani alipeleka sahani?" walipiga kelele. "Wewe ao ule mutoto wako?"

"Ni miye," ulisema. "Nilipeleka miye mwenyewe. Mutoto alikuwa amelala."

Jiwe la kwanza lilikupata kwenye jicho la kushoto. Ulipiga magoti. Kisha sikuweza kuhesabu tena. Walikupiga kwa fimbo, kwa mwiko wako mwenyewe, kwa kigoda changu. Mwanamke ambaye nilimpelekea maharagi kila wiki alikukanyaga mkono, akasimama juu yake kama mtu anayezima moto. Nilisikia mfupa ukikatika, na sikujua kabla ya siku ile kwamba mfupa una sauti. Mumbere, mtoto wa kwanza wa mzee Kambale, alikuja akiviringisha pine, tairi la gari, akalia njia nzima, akakuvika shingoni. Mtu mwingine alikuwa na kidumu cha petroli. Alipokumwagia, ilikuingia mdomoni na ukakohoa. "Kiberiti! Nani iko na kiberiti?" Watu wakawa wanapapasa mifuko yao, mmoja akicheka kwamba wote wameacha kuvuta sigara kwa sababu ya kanisa.

Ningeweza kutoka. Ningesema maneno matatu tu: nilipeleka mimi, nilifunga, sikuonja. Sikutoka.

Ni wakandaji waliotoka. Walikuwa saba, unga mpaka kwenye nyusi, na ile mipini mirefu ya kutolea mikate kwenye tanuri. Muhindo alimpiga wa petroli kwenye kifundo cha mkono, kidumu kikaruka na kuangukia jiko letu, ambalo makaa yake yalikuwa bado hai chini ya majivu, na meza yako, benchi na paa la turubai vikawaka vyote mara moja. Watu wakarudi nyuma kwa sababu ya moto. Waliobaki walipigwa na mipini kwenye shingo na kwenye meno mpaka wakaachia. Wakandaji wakakuburuta ndani pamoja na pine yako na kufunga mlango wa chuma. Mlango ule ulipigwa mawe mpaka saa sita ya mchana. Usiku uliofuata uliondoka chini ya magunia matupu, kwenye lori la kwenda kuchukua unga Kasindi, na mimi sikukuaga.

Mwezi wa pili mwalimu wetu wa kemia alitufundisha juu ya makaa. Alisema yakiwaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaipumua akidhani ni usingizi. Niliinua mkono, nikauliza kama mlango wa bati unapitisha hewa.

"Bati ao mbao," alijibu, "kama umeziba chini, umechimba kaburi."

Niliomba ruhusa ya kutoka, na siku hiyo sikurudi darasani.

Nilimwambia mama usiku huo. Alinishika mdomo. "Kweli haitamurudishia jicho," alisema. "Soma." Nikasoma, nikapata alama nzuri, na kila alama nzuri iliniuma. Kisha wiki iliyopita Muhindo alinieleza kwamba Mumbere amejua uko wapi. Ameomba nafasi kwenye lori la Kasindi, na ndani ya gunia lake kuna panga alilonoa mbele ya watu. Basi Alhamisi baada ya masomo nilikwenda.

Nilianza kwa Kasereka, kwa sababu yeye alikuwamo kibandani. Amerudi kazini kwenye depo ile ile, ila sasa analinda akiwa nje, hata kwenye mvua. Nilipomweleza alikaa chini kwenye matope. "Mbabula," alisema. "Njo ile. Niliamuka na kichwa kama imepasuliwa na shoka, tumbo haikuniuma hata kidogo." Kisha akasema jambo ambalo silisahau. "Baliniuliza kama alionja. Hakuna mwenye aliniuliza ni nani."

Alinisindikiza mpaka kwa mjane wa mzee Kambale. Mumbere alikuwapo. Nilisimama, nikasema yote kama ninavyokuandikia: funga, mbabula, gunia chini ya mlango, uongo wangu kwako. Sikulia, kwa sababu nilikuwa nimejizoeza njiani. Nilipofika kwenye gunia Mumbere alinirukia. Alinigonga kichwa ukutani mara mbili na jino langu moja la mbele likabaki kwenye saruji. Kasereka alimvuta shati mpaka likachanika, lakini aliyemwachisha ni mama yake, na hakunyanyuka hata kwenye mkeka.

"Mupige, mumalize," alisema. "Halafu nani atakupiga wewe? Ulivalisha mama wa batu pine, na hakukuwa na kosa."

Mumbere alisimama pale, mkono bado juu. Kisha alitoka nje, na tulimsikia akipasua kuni kwa muda mrefu, kuni ambazo hakuna mtu aliyezihitaji.

Mjane hakunisamehe, mama mdogo. Sitaki kukudanganya tena hata kidogo. Alisema niondoke na nisipite mbele ya nyumba yake mpaka aniite. Lakini alimtuma Kasereka kwa chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, na jana jioni chef alikusanya watu pale palipoungua. Kasereka alisema yake, nami nikasema yangu na kitambaa mdomoni. Wengine walinitukana. Mmoja alitupa chupa. Mwanamke yule aliyekukanyaga mkono alijifunika uso na kitenge, akaenda. Mjane alisema mbele ya wote: "Huyo mama arudi. Kwetu hakuna deni naye." Mumbere alikuwa amesimama nyuma. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jambo hilo lazima ulijue kabla ya kupanda gari. Muhindo anasema wakandaji watakuja kukupokea na mipini yao, hata kama hakuna haja.

Mimi ninaamini unaweza kurudi. Sijui kama ni imani au ni tamaa yangu tu, lakini nimefagia majivu pale, na mama amekubali kukaa nasi mpaka mkono wako upate nguvu. Ukija, nitakuwa mbele yako njiani. Safari hii sitaingia nyuma ya kitu chochote.

Lala salama huko mpakani. Umwachie Mungu hilo jicho, na uniachie mimi kazi ya kuosha sufuria.

Ni mimi, mtoto wa dada yako,
Masika

N.B. Muhindo anarudi Jumanne, na ninakuomba unijibu kwa mkono wake, hata kwa neno moja. Ulipomsikia Kasereka akisema "Hapana", ukanitazama kule nyuma ya pipa, kisha ukasema ni wewe: je, wakati ule ulidhani ni mimi niliyetia sumu?