Kuku wa Binzari kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Kuku wa binzari, kama Jumamosi zote. Vitunguu nimevikaanga taratibu mpaka vikapata rangi ya asali. Kisha tangawizi na kitunguu saumu, nyanya, manjano, giligilani, binzari nyembamba kidogo. Mtindi mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, usije ukakatika. Pilipili hakuna. Mama Zarina alinifundisha hivyo nilipokuwa nimepanga kwake karibu na soko. Ni Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Bukoba, na Kihaya chake kinawashinda wanangu. Alisema mchuzi wa nyumba yenye watoto umfae kwanza aliye mdogo kuliko wote, wakubwa watafuata.

Binti yangu Koku kalamba sahani. Mdogo wake Muta kagombania mfupa. Mume wangu Deus kaongeza wali. Mama mkwe alikaa mkekani, katupa mgongo, na ndizi zake na maharage. Alikula kidogo mno. Nilikuwa namchungulia kila tonge. Nikajichukia.

Tangu atoke hospitali tunakaa naye hapa mtaa wa Bakoba. Deus hakutaka arudi kijijini kwake Kagoma katika hali ile. Damu yake ni ndogo. Daktari kasema ale nyama, samaki, mayai, kuku. Nyama ya ng'ombe hawezi kuitafuna. Harufu ya samaki inamtapisha tangu augue. Mayai na kuku hajawahi kuonja maisha yake yote. Wanawake wa Kihaya wa umri wake hawakula. Ilikuwa mwiko. Mama yangu mzazi alikula, tena mbele ya baba, kwa hiyo mimi jambo hili silielewi. Linanikasirisha. Bora niandike wazi. Linanikasirisha.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Sare za shule zimelundikana kwenye cherehani. Nimeshona mkono wa shati nje ndani. Nikafumua. Nikashona tena vibaya.

Mama mkwe naye hatulii. Anakwenda hadi getini, anashika nguzo, anapumua, anarudi. Anasema kahawa imeanza kuiva na ndege wanaila. Anasema kibanja chake cha migomba na kahawa hakijui kukaa bila yeye. Nimemwambia kibanja kina Novatus, mwanawe mkubwa. Akasema Novatus anaijua kahawa ikiwa kwenye gunia tu.

Wawili ndani ya nyumba moja, wote tunazunguka. Miguu yake imeanza kuvimba.

Jumanne, 6 Mei

Deus ana wazo. Tumpe mchuzi wa kuku bila nyama, tuponde na ndizi, tumwambie ni karanga. Nimekataa. Tumegombana kwa kunong'ona jikoni, huku mama mkwe mkekani anajifanya amesinzia.

Deus anauliza ni kipi kikubwa, mwiko au mama. Najua tu kwamba mtu mzima hadanganywi chakula kama mtoto anayepewa dawa. Lakini nilipomsindikiza kwenda kuoga nikaona mabega yake. Mifupa mitupu. Nimerudi jikoni nikafungua kabati, nikafunga, nikafungua tena. Sikuwa natafuta kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Amefanya. Nilikwenda mjini kununua nyuzi. Deus akachukua mchuzi uliobaki kwenye friji, akapasha, akaponda na ndizi, akampelekea mama yake mwenyewe.

Nimekuta sahani sakafuni, imefunikwa kwa kitambaa; harufu imeshamwambia ni kuku. Mama mkwe kakaa ameegemea ukuta. Hakunisalimu. Amenitazama tu, na nikajua anafikiri ni mimi. Ni jikoni kwangu. Ni mchuzi wangu. Nani mwingine?

Mume wangu, mtu mzima, kanyamaza kimya mbele ya mama yake. Nami sikumtaja. Sijui kama ni heshima au ni kiburi. Usingizi sina.

Ijumaa, 9 Mei

Kuanzia jana hali chochote kinachotoka mkononi mwangu. Anaomba ndizi mbivu, anaimenya mwenyewe. Basi. Chai anakunywa kama Koku ndiye aliyeileta.

Nimemchukia Deus tangu asubuhi hadi sasa. Nikipita karibu naye ngozi inanisisimka. Kazi haiendi. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena, mvua ikaushusha udongo wote pale pale.

Jumamosi, 10 Mei

Sikupika kuku. Watoto wameuliza. Nikawapa maharage, Muta akalia.

Jioni Deus alipiga magoti mkekani akasema ukweli. Nilikuwa mlangoni. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho. Hakufoka. Alisema angalau mwizi wa kuku huja usiku, ila yeye kamwibia mamaye mchana kweupe. Kisha akaomba simu ampigie Novatus aje kumchukua.

Mimi hakuniambia neno. Sikutarajia aniombe radhi. Labda nilitarajia. Ndiyo, nilitarajia.

Jumapili, 11 Mei

Novatus amekuja baada ya misa kwa gari la kukodi. Shemeji huyu hajawahi kuketi nyumbani kwangu akamaliza chai. Leo hata hakuketi. Alisema kwao Kagoma wanajua kumlisha mama yao bila kumvua heshima, na kwamba marehemu baba yao angekuwa hai mimi ningekuwa nimesharudishwa kwetu. Deus alitazama viatu vyake.

Mama mkwe aliingia garini polepole. Nilitaka kumshika mkono, Novatus akawahi.

Walipoondoka nimeosha nyumba nzima, hata chini ya vitanda. Nimetoa mkeka wake nje, nikauanika, nikauingiza ndani mvua ilipotaka kunyesha. Koku kauliza bibi atarudi lini. Nikamwambia aende akacheze.

Jumanne, 13 Mei

Hakuna habari. Deus amepiga simu, Novatus anasema wote wazima. Anasema hivyo kwa haraka.

Nimekata kitambaa cha sketi kimakosa. Nimezungumza na Deus kuhusu sabuni na chumvi tu.

Jumatano, 14 Mei

Mama mkwe ameanguka. Alikuwa kwenye mibuni, anachuma. Wamemkuta amekaa chini, anaita majina ya watu waliokufa. Hospitali kakataa. Novatus mwenyewe ndiye aliyepiga, na sauti yake haikuwa ile ya Jumapili.

Deus hawezi kutoka kazini kesho. Nitakwenda mimi. Hakuna aliyeniita. Nimefunga mfukoni manjano, giligilani, binzari, tangawizi. Mtindi nimeutia kwenye chupa. Nimewaza kupika maharage kwa viungo hivyo hivyo, labda hamu ya kula itamrudia. Labda atanifukuza. Sijali. Hapana, najali sana.

Alhamisi, 15 Mei. Kagoma.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha wageni. Nataka niyaweke yote kabla hayajachanganyika.

Nilifika kabla ya mchana. Novatus alinipokea begi. Mama mkwe alikuwa kibarazani, amefunikwa shuka, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kihaya, kasinge waitu, nikabaki chini. Akaniacha hapo kitambo. Kisha akasema ninyanyuke, sakafu ina baridi.

Akauliza begi lina nini. Nikamwambia yote. Viungo vya Mama Zarina. Nimekuja kumpikia maharage kwa viungo vile, na kama Novatus anataka kuku nitampikia kuku, kwenye sufuria nyingine, kwa mwiko mwingine, na yeye akae pale pale jikoni aone kila kinachoingia wapi.

Alikaa kweli. Tulimwekea kigoda karibu na mlango wa jikoni. Nikawasha moto, nikaweka sufuria mbili, moja ya maharage, moja ya kuku aliyetaka Novatus. Vitunguu vikaanza kulia. Nilitaka kutia tangawizi, akasema bado, kitunguu hakijawa tayari. Alikuwa hata hatazami, kafumba macho. Nikasubiri. Akasema sasa.

Ndipo akaanza kusimulia, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kwamba alifuga kuku tangu yuko msichana. Kwamba aliwachinjisha, akawanyonyoa, akampikia mumewe miaka yote ya ndoa, na wageni wake, na mapadri. Kwamba chumvi aliijua kwa harufu, kwa sababu kuonja hakuruhusiwa. Kisha alikuwa akirudi nyuma ya nyumba kula maharage na wanawake wenzake. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu. Hasira yangu ya tangu mwanzo ilikuwa imeelekezwa kwa mtu asiye mwenyewe. Nilikuwa nimemkasirikia yeye.

Nilitia mtindi kwenye sufuria zote mbili. Rangi ikawa ile ya dhahabu iliyofifia. Akauliza kama kweli mchuzi hauwashi. Nikasema hauwashi, Muta wangu anaula na bado hajaota meno yote.

Novatus alikaa mezani. Nikampakulia. Nikampakulia mama maharage na ndizi, nikamwekea mapajani. Akaitazama sahani. Akaitazama sufuria ya pili. Akaniambia nimpe kutoka ile.

Sikuinuka. Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, kwa sababu sitaki kuibeba lawama mara ya pili. Akarudia, kwa sauti, ili asikike na kila mtu.

Novatus aliweka kijiko chini. "Mama, baba alisema mwanamke wa nyumba hii hatakula kuku."

"Baba yako alisema mengi," akajibu. "Amekwenda zake. Mimi bado nipo, na nina njaa."

Nilimpakulia mama paja. Mchuzi kidogo ukamwagikia kanga yake. Akaniuliza linaliwaje, kwa kijiko au kwa mkono. Mwanamke aliyepika kuku maisha yake yote. Nikamwambia kwa mkono. Alinyofoa kipande kidogo, akakiweka ulimini, akakaa nacho. Alitafuna muda mrefu sana. Akameza. Akasema chumvi imepungua kidogo, ila harufu haikuwa imemdanganya.

Alikula vipande vichache tu, kisha akatapika kidogo. Niliogopa. Yeye hakuogopa. Akaomba maji, akalala.

Novatus alibaki mezani na sahani yake. Nilipokwenda kuitoa akasema, bila kuniangalia, "Jumapili nilikukosea, shemeji." Nikasema haya. Nikachukua sahani, nikaenda kuiosha.

Ijumaa, 16 Mei

Leo mama hataki kuku. Ijumaa hali nyama, kasema, huo mwiko mwingine anaupenda mwenyewe. Amekula maharage ya viungo, akaongezewa. Mtindi kanywa kikombe kizima.

Ila kakubali kwenda hospitali Jumatatu, Novatus atampeleka. Mchana wote nimezunguka kibanja. Nimechuma kahawa hadi vidole vikanata. Deus alipiga. Nilimsimulia. Upande wa pili nikasikia analia. Sikumbembeleza. Nilisubiri amalize.

Jumamosi, 17 Mei

Amekula kuku tena. Safari hii hakutapika. Uso umepata nuru kidogo, macho yanafuata watu. Amenituma hapa, amenituma pale, kanigombeza kwa kuacha kuni zilowe. Nimefurahi kugombezwa. Bado nashtuka kila akikohoa.

Jumapili, 18 Mei

Watu wamerudi kutoka kanisani. Mimi na mama tulibaki nyumbani. Mvua ndogo, ya kutulia, juu ya migomba.

Novatus alichinja jogoo mwenyewe asubuhi kabla ya misa. Nikapika. Mezani aliomba apakue yeye. Firigisi, ambayo kwenye nyumba hii imekuwa ya baba, kisha yake, aliiweka kwenye sahani ya mama yake. Akaendelea kugawa wali.

Mama aliitazama. Akachukua kisu, akaikata katikati, akaniwekea nusu.

Tukatafuna. Ni ngumu kidogo.