Nilimuaga kwa Mkono

Bowie, Jumanne, Septemba 2006

Basi ndiyo imekwisha hivyo. Kocha wangu mpya kanieleza leo: chuo nilichotoka hakijaandika kwamba kimeniruhusu kuhama, kwa hiyo nitakaa mwaka mzima bila kushindana. Na huu ni mwaka wangu wa tano, wa mwisho ninaoruhusiwa kukimbia.

"Lakini kocha wa kule nilimuaga," nikamwambia. "Nilimfuata ofisini, tukaagana vizuri."

"Alikusainia chochote?"

Kusaini! Sisi tulikotoka, ukishamuaga mkubwa wako, akakutakia heri, umeondoka kwa heshima. Ningemdai na karatasi tena? Angeona simwamini. Kumbe yeye kanuni ya hiyo karatasi alikuwa anaijua, na bado akanipa mkono huku anatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma, ule mkono...

Nilihamia huku anakoishi mama ili anione nikikimbia. Miaka minne nimekuwa nikimsimulia mbio zangu kwenye simu tu.

Nimemkuta jikoni, ana furaha zake. "Mwanangu, Jumamosi nimeomba ofu kazini. Nisimame wapi nikuone vizuri?"

Nikamwambia asimame pale tunapomalizia.