Kibao cha Meno cha Aizirek

Kochkor,
Novemba 9

Mpendwa shemeji Burulcha,

Shikamoo, ingawa hujawahi kunizidi kitu ila umri na ukali. Goti lako linasemaje? Langu linalalamika kuliko mke wangu, huyo mdogo wako Zuura, na unamjua, si wa kushindwa kirahisi. Kondoo wameshuka malishoni salama.

Sasa shika kikombe vizuri. Humu ndani mimi na Zuura hatusemezani.

Ni mjukuu wetu Aizirek. Meno yake ya chini yamepita mbele ya yale ya juu, mkate anaurarua kwa pembeni kama mbuzi mzee. Nikaaga kwamba tunakwenda mjini Naryn kuuza kondoo. Kondoo tukarudi naye, na mtoto akarudi na kibao cha plastiki chenye waya, cha kuvaa mdomoni. Daktari kasema ana miaka minane, mfupa bado laini, unasukumika. Akikomaa hivyo, dawa ni kukata taya kwa msumeno. Msumeno, shemeji!

Zuura akakinyakua kibao, akakifungia sandukuni, akalikalia sanduku.

"Mzee, umemtia mtoto wa watu hatamu?"

"Wa watu wapi? Wetu huyu."

"Basi wangu! Nilipewa alipoachishwa ziwa, hata mama yake hana kauli. Akichumbiwa nitamwekea meno ya dhahabu, kama yangu."

Mzaliwa wa kwanza ni wa bibi, ndiyo desturi, kwa hiyo mwanangu na mkewe huko Bishkek wameufyata. Mimi nimejaribu mzaha, nimejaribu kununa. Daktari alionya: kikikaa mwezi bila kuvaliwa, meno yatahama na hakitamwingia tena. Hii wiki ya tatu.

Ni wewe peke yako ambaye Zuura anakuogopa. Tena unakumbuka: kabla ya dhahabu, Zuura hakucheka bila kufunika mdomo kwa ushungi. Jana Aizirek kacheka, kafunika wake vilevile. Zuura kaona. Mikono ikasimama kwenye unga. Njoo umalizie, nakuomba.

Nisalimie wa kwako, Kalipa na yule mvivu Sagyn. Mungu akuzidishie afya, hasira akuachie hiyohiyo, tunaihitaji.

Wako akupendaye kwa woga,
Toktosun

Subiri, sijafunga bahasha. Sanduku limelia bawaba nyuma yangu. Zuura anamwambia Aizirek, "Njoo hapa wewe. Achama. Hiki kidude kinaingilia wapi?" Sithubutu kugeuka. Naandika polepole, kalamu isikwaruze.